Marehemu Anaitwa Nani?

Baba alikata roho alfajiri, na baada ya swala ya adhuhuri tulikuwa tumeshamzika. Cheti chake cha kifo tulikipata miezi 11 baadaye.

Mwaka huo wa 1993, kwetu Pwani ya Kenya, hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Maiti haingoji karatasi. Naibu wa chifu alikuwepo mazikoni. Alilipa jeneza bega njia nzima, kisha akashuka kaburini kuupokea mwili. Kama kuna mtu wa serikali aliyejua kwa yakini kwamba baba amefariki, ni yeye. Lakini sheria haikumtaka ajue tu. Kwa aliyefia nyumbani, ilimtaka ajaze fomu, awape wafiwa kibali cha mazishi, kisha fomu aifikishe kwa msajili wilayani. Naye fomu zilikuwa zimemwishia.

"Zikija nitakuletea mwenyewe, mwanangu," aliniambia. Nikaona haya kwenda kumdai karatasi mtu aliyemlaza baba yangu mwanandani.

Tulikumbuka karatasi pale mama alipofuatilia akiba ya baba katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Karani alimtazama akamuuliza, "Cheti kiko wapi?" Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kifo nacho huchelewa. Miezi sita ikishapita tangu mtu afariki, msajili wa wilaya hana ruhusa ya kumwandika mpaka apate idhini kutoka makao makuu Nairobi, na ada ya kuchelewa ilipwe. Barua ikaenda kwa posta. Jibu tukalisubiri kwa posta.

Nilikuwa mwalimu kijana, na Jumatatu zangu nyingi za mwaka uliofuata niliziombea ruhusa. Nilipanda matatu kabla ya jua kuchomoza ili niwahi foleni. Ofisini palikuwa na kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya watu, na nyuma yake karani mwenye daftari pana kama mlango wa kabati. Alikuwa akishusha rula mstari kwa mstari, jina kwa jina, midomo ikimcheza. Akifika chini ya ukurasa, anafunga. "Njoo Jumatatu, dada."

Siku cheti kilipotoka kiliandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, nikalipa shilingi 50 nikapewa stakabadhi. Mama alinitaka nimsomee. Nilipofika mahali pa sababu ya kifo, palipojazwa kufuatana na maelezo ya naibu wa chifu, nikasoma: "Homa na uzee." Mama akanyamaza kidogo. Baba alikuwa na miaka 58. "Homa sawa," akasema, "lakini uzee nani kawaambia?"

Mama mwenyewe alifariki mwaka 2008, katika hospitali, na safari hii nilijiona mjuzi. Daktari alijaza fomu yake, kitambulisho cha marehemu kikachukuliwa, kibali cha mazishi nikakitia kwenye mkoba hata kabla sijalia vizuri. Wiki chache baadaye nilikuwa nimeshika cheti kilichopigwa chapa, safi. Nikakipeleka Mahakama ya Kadhi pamoja na hatimiliki ya kiwanja chake ili mirathi igawanywe.

Kumbe nilikuwa nimepeleka wanawake wawili. Cheti, kilichofuata kitambulisho, kilisema Mwanaisha. Hatimiliki ilisema Mwanaesha. Nilipokwenda kutafuta karatasi ya kuwapatanisha, nikakuta kadi ya kliniki imeandikwa Aisha. Mtaani hakuwa hata mmoja kati ya hao. Alikuwa Mama Mwalimu, jina alilolipata kwa kunizaa mimi, na majirani wa miaka 20 walilisikia jina lake kamili kwa mara ya kwanza siku ya hitima.

Sikuwa na wa kumlaumu. Wanawake wa Kenya hawakuwa wakiandikishwa vitambulisho hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Mama alikwenda kuandikishwa akiwa mtu mzima mwenye watoto, akataja jina lake kwa lafudhi ya kwao, na karani wa kutoka mbali akaandika alichosikia. Mama hakujua kusoma, hivyo hakuna aliyemsahihisha. Herufi moja ile ililala karibu miaka 30 ikingoja mirathi. Ilibidi niende kwa wakili, niape kwamba Aisha, Mwanaesha na Mwanaisha walikuwa mtu mmoja, na kwamba mtu huyo alikuwa mama yangu. Cheti kilikuwa cha shilingi 50. Kiapo kilinimalizia nusu ya mshahara.

Halafu nchi ikabadilika. Katiba ya 2010 ikatuletea kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa 2013 watu wakaanza kusema "naenda kaunti" kwa kila shughuli, hata ya vyeti, ingawa usajili wa vizazi na vifo haukugatuliwa: ulibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mwezi Novemba mwaka huo huo Huduma Centre ya kwanza ikafunguliwa Nairobi, na mwaka uliofuata ukaja mfumo wa eCitizen wa kuombea huduma za serikali mtandaoni. Daftari pana likaanza kustaafu. Hata ada ya shilingi 50, tuliyodhani itatuzika sisi sote, ilipandishwa mwaka 2024.

Ni mwaka huo alipofariki kaka yangu. Niliketi sebuleni, wageni wa msiba wakiwa bado barazani, mpwa wangu akanifungulia akaunti ya eCitizen kwenye simu. Tukajaza, tukapiga picha kibali cha mazishi, tukalipa kwa namba 222222, ujumbe ukaingia kabla chai haijapoa. Niliikumbuka ile kaunta na viwiko vyangu juu yake, nikataka kucheka.

Jibu lililorudi halikunichekesha. Maelezo hayalingani: kitambulisho kilisema Mohamed, hospitali iliandika Mohammed. M moja. Nilikwenda ofisini, nikapokewa na kijana mpole aliyeniita mama na kunipa kiti. Alichotaka kilikuwa kidogo: barua ya naibu wa chifu, na wazee wawili waliomfahamu marehemu kwa majina yake yote matatu.

Naibu wa chifu wa sasa ni binti mwerevu, ila hajatimiza miaka miwili katika eneo letu. Hakumjua kaka. Nikazunguka mtaa niliozaliwa nikitafuta wazee wawili. Nyumba nyingi zina wapangaji. Wananisalimu vizuri, wananipa pole, hawajui hata kama nilikuwa na kaka. Mmoja nikampata msikitini. Wa pili niliambiwa yupo, ila hatoki sana.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe, mkongojo ubavuni, macho yameingia ukungu. Nikajitambulisha. Akaipapasa hewa mpaka akaupata mkono wangu.

"Wewe ndiye mwenye deni langu la fomu," akasema. "Zilifika, mwanangu, lakini ulikuwa umeshakwenda wilayani mwenyewe. Niliona aibu."

Miaka 31 tulikuwa tumeoneana haya, kila mmoja kwa upande wake. Nilimweleza shida yangu. Akanitajia jina la kaka, la baba, la babu, na hakukomea hapo. Akapanda mpaka kwa yule aliyekuja na jahazi. Kesho yake tulimpakia kwenye tuktuk akaenda kutia dole gumba. Cheti kikatoka wiki ile ile.

Siku ya arubaini ilipopita nilitoa karatasi zangu zote nikazipanga mkekani. Cheti cha kuzaliwa hakina jina la babu, kitambulisho kinalo, hati za kazi zimelikata katikati. Na waliokuwa wakinijua kwa majina matatu nimebaki nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nikazitia karatasi zote kwenye bahasha nikarudi ofisini. Yule kijana mpole aliniona nikiingia na buibui langu jeusi, akasimama kunipa kiti.

"Pole kwa msiba tena, mama. Marehemu anaitwa nani?"

"Ni mimi, mwanangu," nikamwambia. "Nimeona nije mwenyewe, ningali wa kuulizwa."