Mbio za Kujitajia

Michezo ya mbio, katika mataifa mengi, imejengwa juu ya jambo moja: aliye mwepesi zaidi ndiye mshindi. Sisi watu wa pwani tulilelewa katika hilo. Nilipokuwa mtoto huko Tanga, ngalawa zilipangwa majini, bendera ikashushwa, na ile yenye tanga jipya na mabaharia vijana ikatangulia kama ilivyotangulia mwaka uliopita. Mzee mwenye ngalawa kuukuu alifika jua limekwisha kuinama, akapigiwa makofi ya huruma. Hakuna aliyeona dhuluma hapo. Watoto peke yao, katika mbio zao za uwanjani, walikuwa na desturi nyingine: mdogo hutangulizwa hatua kadhaa, kisha mkubwa humfukuza. Tulipokua tuliiacha desturi hiyo pamoja na mambo mengine ya kitoto.

Nakusudia kueleza mchezo wa watu wazima ulioichukua desturi hiyo ukaifanya sheria, ukaitia saa na taa za umeme. Ni mchezo wa magari wa Wamarekani, uitwao mbio za braketi. Huenda msomaji akauliza, magari ya Marekani yanatafuta nini katika kitabu cha utamaduni wetu? Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 alihimiza tuzirudie mila zetu zilizodharauliwa. Lakini katika hotuba hiyo hiyo alilikemea taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine. Maneno hayo mawili hukumbukwa nusu nusu, kila mtu akichukua nusu impendezayo. Zaidi ya hayo, watoto wetu wako huko. Wanacheza michezo ya huko kwa fedha ambazo huku tumekwisha kuzipangia kazi.

Hilo la fedha ndilo lililonifikisha uwanjani. Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kwenda Columbus, katika jimbo la Ohio, anakoishi mwana wa marehemu kaka yangu. Mama yake, yaani shemeji yangu, alinipa ujumbe mfupi. Nyumba aliyoanza kujengewa na mwanawe ilikuwa imesimama kwenye lenta tangu mwaka 2014. Majani yameota sebuleni. Na sasa amesikia kwamba kijana anashindana kwa magari. Nimtazame kwa macho yangu, nimrudishie habari. Sikuambiwa nimgombeze, lakini namfahamu shemeji: hakuwa na haja ya kuniambia.

Uwanja wenyewe uko mashariki ya mji, kando ya barabara kuu namba 40, ambayo ni mrithi wa ile barabara ya taifa iliyoanza kujengwa mwaka 1811. Jina la uwanja, National Trail Raceway, limetokana na njia hiyo. Ulifunguliwa mwaka 1964. Ni lami iliyonyooka, haina kona hata moja, yenye njia mbili. Na umbali wa kushindania ni robo maili, yaani kama mita 402. Magari mawili husimama sambamba, huondoka, na kabla mtazamaji hajamaliza kumeza funda la maji mambo yamekwisha.

Nilitazamia kuona mashine za ajabu. Zilikuwapo chache, ndefu na nyembamba kama vyombo vya kuvulia samaki. Lakini walio wengi walikuja na magari yao ya kila siku, yaliyowapeleka kazini Ijumaa na yatakayowapeleka tena Jumatatu. Pikapu zilikuwapo, na magari ya familia yenye viti vya watoto vilivyoondolewa asubuhi ile. Mwanetu alikuja na Toyota Camry, aina ambayo mtu akiiona Dar es Salaam hafikirii mashindano. Mkaguzi alitazama kama betri imefungwa barabara, kama mafuta hayavuji, kama mkanda wa kiti ni mzima. Mwenye gari linalomaliza robo maili chini ya sekunde 14 hana budi kuvaa kofia ngumu. Wetu sheria hiyo haikumfikia, bali aliivaa.

Baada ya ukaguzi kila mtu huruhusiwa kukimbia mara kadhaa kwa majaribio. Mwisho wa kila mbio hupewa karatasi ndogo yenye saa zake: amechukua muda gani kuitikia taa, amepita futi 60 za mwanzo kwa muda gani, nusu ya njia kwa muda gani, na njia nzima kwa sekunde ngapi na sehemu ngapi za sekunde. Akiisha kujijua hivyo, huchukua rangi nyeupe ya viatu akaandika kwenye kioo cha gari namba moja tu. Namba hiyo ni muda anaotangaza mbele ya watu wote kwamba gari lake litautumia. Mwanetu aliandika 16.92.

Hapo ndipo mchezo ulipo. Akipangwa na mwenye Mustang iliyoandikwa 12.40, waamuzi hutoa namba ndogo katika kubwa, wakapata sekunde 4 na sehemu 52 za mia. Basi Camry huondoka mbele kwa muda huo. Taa zimepangwa wima juu ya nguzo, na wenyewe huiita nguzo hiyo mti wa Krismasi. Kabla ya mwaka 1963 mtu alisimama katikati na bendera, na ugomvi ulikuwa mwingi. Mwaka huo mti ukachukua kazi yake. Taa tatu za njano huwaka moja baada ya moja kwa nafasi ya nusu sekunde, kisha ya kijani. Nguzo ina upande wake kwa kila njia, kwa hiyo mwenye gari zito huonyeshwa kijani chake mapema, na mwenye gari jepesi hukaa akingoja huku mwenzake anayoyoma. Atakayeondoka kabla ya kijani chake huwakiwa nyekundu, na amekwisha kushindwa.

Msomaji mwerevu amekwisha kuiona njia ya kudanganya, kama nilivyoiona mimi nikiwa nimeketi juu ya ngazi za mbao. Je, mtu akiandika namba ya uongo, ajifanye mnyonge ili atangulizwe zaidi? Sheria imelingoja jambo hilo. Atakayemaliza kwa muda mdogo kuliko alioutaja amevunja namba yake, naye hushindwa hata akifika kwanza. Wakiivunja wote wawili, aliyeivunja kwa kidogo ndiye mshindi. Kwa hiyo ajisifuye hushindwa kwa kuchelewa, na ajidunishaye hushindwa kwa kuwahi. Hila hazikuisha kabisa: wako wanaoandika namba ya uvivu kidogo, wakafika karibu na mstari wa mwisho, wakamkadiria mpinzani kwa jicho, kisha wakakanyaga breki ili wapite mbele yake kwa unyoya bila kuivunja namba. Hila hiyo inaruhusiwa, maana inataka ustadi, na mwenye kukosea kukadiria huumbuka mwenyewe.

Zamu ya kwanza mwanetu alipangwa na Mustang hiyo niliyoitaja. Camry iliondoka, ikaenda zake kama mama aendaye sokoni. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo ile nyingine iliponguruma nyuma yake. Ilimpita mita chache kabla ya mwisho, ikafika mbele kwa kadiri ya urefu wa gari moja. Nikasema moyoni, yamekwisha. Lakini taa ya ushindi iliwaka upande wetu. Karatasi zilipoletwa tukaona: Mustang ilikuwa imetumia 12.38 mahali pa 12.40. Camry ilitumia 16.95. Yule kijana wa Mustang aliitazama karatasi yake, akacheka, akaja kumpa mwanetu mkono.

Mimi ni mtumishi wa vipimo. Tangu nilipotoka Kidato cha Nne kazi yangu imekuwa mizani za sokoni, mawe ya ratili na kilo, na pampu za mafuta. Nimewaona wafanyabiashara wa kila namna, na sikumbuki kumwona hata mmoja aliyeadhibiwa kwa kuwapa watu zaidi ya alichotangaza. Jambo hili la kumwadhibu aliyezidisha lilinishangaza mpaka nilipokumbuka kwamba nina kazi ya pili, ya ushairi, na kwamba katika kazi hiyo nimeishi na sheria hiyo hiyo miaka zaidi ya 30. Mshororo wa shairi letu la kawaida hubeba mizani 16, nane kila kipande. Ukitia 15 umepungua, na ukitia 17 hukumzidi mtu, umeharibu. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria za utungaji katika kitabu chake cha mwaka 1954, na waliomfuata wamebishana sana kama sheria hizo ni lango au ni pingu, hasa baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Mimi ni mtu wa arudhi, ingawa sipendi matusi waliyotupiwa vijana wa mashairi huru. Pale uwanjani nako waliokuwapo wa namna hiyo hawakufukuzwa: ziko siku na madaraja ya magari yasiyoandikwa namba, aliye mwepesi akashinda basi. Watazamaji huzipenda, kwa kuwa hazihitaji hesabu.

Na mbio za namna hiyo ndizo zilizokuwa asili. Chama chao kikubwa, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kilikusudia kuwaondoa vijana barabarani na kuwatia mahali penye usalama. Lakini kadiri miaka ilivyopita ushindi ulifuata mfuko, kila mwenye fedha akanunua injini kubwa kuliko ya jirani, na mafundi wa uani wakabaki watazamaji. Mbio za kujitajia zilizoenea miaka ya 1970 ziliwarudisha. Tena zina jambo la hewa ambalo fedha hailinunui. Hewa ya joto ni nyepesi, injini huvuta kidogo, gari huwa zito. Jioni ikipoa gari huamka. Namba iliyokuwa ya kweli saa nane mchana huwa ya uongo saa moja usiku.

Hilo ndilo lililomtoa mwanetu. Zamu ya pili alikutana na mama mmoja wa makamo mwenye pikapu ya zamani. Jua lilikuwa limezama, umande umeanza. Yule mama alifuta namba yake akaandika nyingine iliyo ndogo. Mwanetu aliacha 16.92 yake vile vile. Camry ikakimbia 16.88, haijapata kukimbia hivyo siku ile, na kwa ajili ya hiyo ikatolewa.

Tulikaa nyuma ya gari tukinywa chai ya chupa. Niliona ndio wakati wa ujumbe wa shemeji. Nilimwuliza fedha za kiingilio, za mafuta na za tairi; akanitajia zote bila kuficha, nazo hazikuwa nyingi kama tulivyodhani nyumbani, wala hazikuwa chache kiasi cha kunyamaziwa. Anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo. Nikamwambia kuhusu majani ya sebuleni.

Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Baba mdogo, nyumba ile niliambiwa itachukua miaka miwili. Sikusema mimi. Walisema kwa kuwa mtoto wa jirani aliye Uingereza alimaliza kwa miwili. Nikasema ndiyo, maana ningesemaje? Tangu siku hiyo kila simu ni ya kuchelewa. Hapa naandika mwenyewe. Nikichelewa, nimechelewa kwa namba yangu."

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kumwambia kwamba mama haandikwi kwenye kioo. Kwamba aliyesema ndiyo amesema. Kwamba sehemu nne za mia za sekunde hazimnyeshei mtu mvua. Lakini nilikumbuka kwamba siku ilipotajwa miaka ile miwili, katika kikao cha ukoo, nilikuwapo, na hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza kijana mshahara wake ni kiasi gani. Sisi tuliozoea kusema kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, tumemgeuza aliye mbali kuwa mgeni wa kudumu, tukimngojea atuponye kwa saa tuliyompangia. Nilimwuliza tu, "Na ukiiandika mwenyewe, mwanangu, utaandika ngapi?" Hakujibu siku ile.

Niliporudi Tanga nilimweleza shemeji yote, pamoja na Mustang na yule mama wa pikapu, nami nikachora nguzo ya taa kwa kijiti juu ya mchanga ili anifahamu. Alisikiliza kwa makini kuliko nilivyotazamia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama yule mama ana mume. La pili, kama kijana anavaa ile kofia. Kisha akasema, "Basi shemeji, mwambie aandike namba ya paa. Sisi hatutamtajia."

Kijana alileta namba baada ya wiki tatu: Juni 2021. Wengine katika ukoo waliona ni mbali mno, wakalalamika kwangu kana kwamba nimeiandika mimi. Mwaka 2020 ukaja na maradhi yake, watu wakafa huku na huko, na hatukuitaja namba hiyo tena. Bati zilipandishwa Septemba 2021. Shemeji alihamia vyumba viwili vya mbele kabla ya lipu, na mwezi uliofuata alinipigia simu nimwulize mwanetu milango ameiandikia lini.