Kila Neno na Kisa Chake

Muyaka bin Haji alipokuwa akitunga mashairi Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu wa mji wake hawakuhitaji mfasiri. Walijua nani anaambiwa, kwa lipi, na kwa nini anaambiwa kwa fumbo. Alifariki mwaka 1840. Kadiri miaka ilivyopita, waliojua visa walipungua na maneno yakabaki peke yake. Mengi yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya mashairi hayo na kumfafanulia William Taylor, mmisionari wa Kiingereza, maneno magumu pamoja na mambo yaliyoyazaa. Diwani iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940 imesimama juu ya kazi hiyo. Fumbo, hata liwe zuri vipi, hufa likikosa mtu anayejua lilikotoka.

Kazi kama hiyo hufanywa kila siku mahali ambapo wapenzi wa ushairi wasingetazamia kuikuta: katika darasa la watoto wenye usonji. Darasa linalozungumziwa hapa limo katika skuli moja ya msingi kisiwani Unguja. Lina wanafunzi sita, ambao mkubwa wao ana miaka 11, mwalimu mmoja mwanamke, na msaidizi wake.

Usonji si maradhi ya kuambukiza, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna tofauti ya kukua kwa ubongo inayoanza tangu utotoni, na inayogusa mazungumzo, mahusiano na watu, na jinsi mtoto anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Ndiyo maana darasa hilo limepangwa kwa namna yake. Kengele ya skuli, ambayo kwa watoto wengine ni furaha ya kwenda kucheza, humfanya mmoja wao azibe masikio na kujipiga kichwa. Mvua ya masika ikipiga juu ya bati, somo husimama hadi ipungue. Ukutani pana ratiba ya picha: mkeka, kitabu, bakuli la uji, mpira, mlango. Kila shughuli inapokwisha, mtoto huibandua picha yake na kuitia katika kisanduku. Ufundishaji wa namna hii uliendelezwa na Eric Schopler na wenzake katika jimbo la North Carolina, Marekani, ambako mpango wao ulianzishwa rasmi mwaka 1972. Msingi wake ni kwamba kuna watoto ambao neno lililosemwa huwapita kama upepo, lakini kilicho mbele ya macho yao hukaa. Na mtu asiyejua kitakachofuata huishi katika hofu.

Miongoni mwa watoto hao yumo mvulana wa miaka 9, mzaliwa wa Pemba. Akiulizwa jina lake hajibu. Akiwa na kiu hasemi. Lakini mara kwa mara, bila ya kuulizwa, hutoa sentensi moja kamili kwa sauti nzito isiyokuwa yake: "Abiria mnaombwa kubaki kwenye viti vyenu, boti inakaribia bandarini." Huisema ameshika kalamu, huisema katikati ya uji, na pengine huirudia mara kumi mfululizo mpaka machozi yakamtoka. Hapo mwanzo msaidizi alikuwa akicheka. Mjomba wa mtoto alipofika skuli alisema kuwa mpwa wake amegeuka kasuku, akaomba akomeshwe, kwani aibu ilikuwa ikiwafuata mpaka barazani. Mjomba hakuwa mkatili. Alitaka wanachokitaka wazazi wengi, yaani mtoto aseme kama wenzake.

Kumkomesha kungewezekana. Kwa miaka mingi, na katika nchi nyingi, kurudiarudia huko kulihesabiwa kuwa ni takataka ya usemi, kitu cha kufagiliwa ili usemi wa kweli upate nafasi. Hata hivyo, ushahidi wa kinyume ulikuwapo mapema. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika habari za watoto 11 mwaka 1943 na kuufanya usonji ujulikane, alitoa makala nyingine mwaka 1946 kuhusu lugha ya watoto hao. Alieleza kwamba maneno yaliyoonekana hayana kichwa wala miguu yalikuwa na asili. Mtoto mmoja alizoea kujikanya asimtupe mbwa kutoka roshani, na hapo alipo hapakuwa na mbwa wala roshani. Ikaja kujulikana kwamba zamani alikuwa akimtupa mbwa wa kuchezea kutoka roshani ya hoteli, na mama yake, alipochoka kumwokota, alimkataza kwa maneno hayo. Tangu siku hiyo, kila alipotamani kutupa chochote, mtoto alijizuia kwa maneno ya mama. Kanner aliona katika usemi huo istiari. Mwaka 1981, Barry Prizant na Judith Duchan walichapisha utafiti ulioonesha kwamba mtoto anaporudia maneno aliyoyasikia huweza kuwa anajibu, anaomba, anashika zamu yake katika mazungumzo, au anajiongoza mwenyewe.

Kisa cha boti kilikuwa kwa bibi. Siku moja alimleta mjukuu wake badala ya mama. Mwalimu alimwamkia, akamkaribisha mkekani, akamuuliza mtoto aliyapata wapi maneno yale.

"Hayo ni ya siku tuliyohamia huku, mwanangu," alisema bibi. "Tulipanda boti Mkoani, bahari imechafuka. Mtoto alitapika na kulia njia nzima. Lilipotangazwa lile tangazo nikamwambia, basi baba, yamekwisha, tumefika."

"Kwa hivyo akisema vile anataka yaishe?"

"Mimi ndivyo nijuavyo. Nyumbani akisema, humwambia tumefika, akatulia."

"Mbona hukutwambia, bibi?"

"Hamkuniuliza, mwanangu."

Tangu siku ile mwalimu alianza kuangalia saa. Kweli, sentensi ilikuja pale kazi iliporefuka, au kelele zilipozidi. Akachora boti, akaibandika mwisho wa ratiba ya mtoto, na nyingine akaiweka mezani pake. Wiki kadhaa zikapita. Mtoto akaanza kuichukua ile ya mezani na kumpa mwalimu kabla ya machozi, na mwalimu akimwambia: "Tumefika," kazi husitishwa. Sentensi haikupotea, ila ilivunjika vipande. Asubuhi moja, mvua ikinguruma juu ya bati, mtoto aliuliza kwa sauti nyembamba, ambayo darasani ilikuwa haijasikika: "Boti inakaribia?"

Bibi alijua, na hakuna aliyemuuliza. Chanzo cha jambo hili ni kikongwe kuliko darasa hilo. Katika visiwa hivi mtoto hupimwa kwa salamu. Asiyeamkia, asiyetoa mkono, huambiwa hakufunzwa adabu, na asiyemfunza ni mama. Vitabu vya ng'ambo humwelekeza mwalimu atazame kama mtoto anakwepa macho ya watu. Lakini hapa mtoto aliyelelewa vyema huinamisha macho mbele ya mkubwa, na dalili hiyo huweza kujificha ndani ya heshima. Kinachoonekana kwanza ni salamu isiyojibiwa, na pamoja nayo lawama: jicho, jini, au dhambi ya wazazi. Wageni nao hawakuwa bora. Bruno Bettelheim, katika kitabu alichokitoa Marekani mwaka 1967, aliyatupia mapenzi baridi ya wazazi sababu ya usonji, ingawa Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikwishaipinga dhana hiyo kitabuni mwaka 1964. Kanner, ambaye maandishi yake ya awali yalichangia lawama hizo, aliwatangazia wazazi mwaka 1969 kwamba hawana hatia. Mama aliyekwisha kulaumiwa hujifunza kunyamaza, naye anaponyamaza, kisa cha mtoto hufungiwa ndani pamoja naye.

Ulinganisho wa mtoto huyu na mshairi una mpaka wake. Mshairi hufumba kwa hiari, na akitaka hufumbua. Mtoto hakuficha chochote. Alichukua maneno yaliyokuwapo siku ya dhiki yake, kwa kuwa hakuwa na mengine. Tena si watoto wote wa darasa hilo wenye maneno ya kufumbuliwa. Wawili hawasemi kabisa, na lugha yao ni mikono, hatua na kilio. Nao wana visa vyao, na kwao pia mwalimu huwategemea wazazi.

Kwa ajili hiyo mwalimu ana daftari. Kila ukurasa una safu mbili, ya kulia ikiwa ni ya visa na ya kushoto ikiwa ni ya maneno au vitendo. Daftari hilo limekuwa na uzito mpya, kwani barua ya uhamisho imekwisha kumfikia, na mwalimu atakayepokea darasa hajawahi kufundisha watoto wa aina hii. Ratiba za picha zitabaki ukutani na atakayekuja atazizoea baada ya siku chache. Lakini asipoambiwa habari ya boti, atamsikia mtoto anayepiga kelele za bandarini katikati ya hesabu, na huenda akamnyamazisha kwa nia njema kabisa. Mwalimu amewaomba wazazi waje siku ya makabidhiano, na bibi naye ameitwa kwa jina.

Kuna kurasa ambazo safu ya kulia bado ni tupu. Msichana mmoja wa miaka 8 husema "zima taa" mchana kweupe, akiwa uwanjani, na mama yake hajakumbuka ni lini wala ni wapi. Mwalimu ameandika maneno hayo kwa kalamu ya wino, na nafasi iliyo mbele yake ameiacha pana.