Kijiti Kimoja Kilininyima Kazi

Mwaka 1978 nilipata barua iliyoijaza nyumba yetu furaha. Nilikuwa kijana aliyemaliza Darasa la VII, nikiishi na wazazi wangu Mpanda, mji uliokuwa bado katika Mkoa wa Rukwa. Mwajiri mmoja wa Tabora alinitaka nifike kwa usaili wa uanagenzi wa useremala. Tarehe ilikuwa imeandikwa hivi: 14.IX.1978.

Milango ya madarasa yetu ilikuwa na tarakimu za Kirumi, lakini iliishia VII. Nilipoona X na I nikajiambia: hiyo ni kumi na moja, basi ni Novemba. Mama akauza magunia mawili ya mahindi ili nipate nauli. Nikapanda garimoshi, nikapita Kaliua, nikafika Tabora nimenyoosha shati langu. Karani akaitazama barua, kisha akanitazama mimi. "Kijana, umechelewa miezi miwili. Nafasi zimekwisha jaa."

Niliporudi nyumbani nilikwenda kwa mzee jirani yetu, mstaafu wa reli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umerudi na uso wa msiba?"

Nilipomweleza hakunicheka. Alimwaga njiti za kiberiti mkekani, akapanga X, akaweka njiti moja upande wa kulia. "Huyu ni mgeni aliyeleta zawadi. Kumi imeongezeka, imekuwa kumi na moja." Kisha akaihamishia kushoto. "Huyu sasa ni mdai. Amekuja kuchukua chake, imebaki tisa. Si hata sisi husema saa nne kasoro robo? Basi hii ni kumi kasoro moja."

Ndugu msomaji, somo lote limo humo. Alama ni saba tu: I ni 1, V ni 5, X ni 10, L ni 50, C ni 100, D ni 500 na M ni 1000. Alama ndogo ikifuata kubwa huongezwa, ikiitangulia hupunguzwa. Kwa kawaida I, X, C na M hazirudiwi zaidi ya mara tatu mfululizo, na V, L na D hazirudiwi kabisa. Kwa hiyo mwaka 2012, Mpanda ilipokuwa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi, huandikwa MMXII.

Wako watakaouliza: mambo ya Warumi wa kale yanatuhusu nini? Nendeni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, humu humu mkoani kwetu. Kituo kilichojengwa pale mwaka 1879 kilikuwa cha chama kilichoanzishwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wakati Papa alikuwa Leo XIII. Mwaka 2025 akachaguliwa Leo XIV. Asiyejua tofauti ya tarakimu hizo atachanganya watu wawili waliotenganishwa na zaidi ya miaka mia moja.

Matokeo ya Kidato cha IV nayo hupangwa kwa divisheni I hadi IV, na aliyeshindwa hupewa 0. Hiyo 0 hawakuwa nayo Warumi. Hesabu yao haikuwa na alama ya sifuri.

Saa ya ukutani ina mtego wake. Mshale mfupi ukielekea IX, sisi Waswahili husema saa tatu, yaani tarakimu ya upande wa pili, III. Tena saa nyingi huandika nne kwa vijiti vinne, IIII, kinyume cha kanuni tunayofundishwa. Mtoto akiuliza, asigombezwe, ameona vema.

Useremala nilijifunza baadaye, hapa hapa Mpanda, kwa fundi wa mtaani, nao umenilisha hadi leo. Lakini yale magunia mawili ya mama sijayasahau. Wajukuu wangu wakija Jumapili, humwaga njiti mkekani kama alivyofanya yule mzee, tukacheza mgeni na mdai. Na kila niandikapo barua, mwezi huuandika kwa jina lake.