Usiku mmoja kwenye ndiva ya Upareni

Mji wa Same umekaa kwenye uwanda mkavu, barabara kuu iendayo Moshi na Arusha ikipita ubavuni mwake. Msafiri akipanda milimani kwa njia ya Mwembe kuelekea Mbaga, katani na miiba hubaki chini, migomba na ukungu vikampokea. Tulipanda njia hiyo baada ya Sala ya Ijumaa, tukiwa tumeombwa kutoa nasaha katika msikiti mdogo wa kijijini, ambako ndugu wawili walikuwa wamegombana juu ya zamu ya maji.

Nasaha tulikuwa nayo mfukoni: kurasa 4 tulizozinakili kwa masheikh mbalimbali. Tuliisoma baada ya Isha, hata sauti tukaikaza mfano wa khatibu mmoja mashuhuri. Watu walisikiliza kwa adabu. Wale ndugu wakatoka kwa milango miwili tofauti.

Mzee aliyetukaribisha hakutulaumu. Alituamsha kwa ajili ya tahajjud, kisha akatuongoza hadi kwenye ndiva. Ndugu msomaji uliye mbali huenda huijui: ni bwawa dogo ambalo Wapare wamelitumia tangu zamani. Maji ya kijito ni machache. Yakipelekwa shambani moja kwa moja hunywewa na mfereji kabla ya kufika. Basi huachwa yakusanyike usiku kucha, asubuhi yakafunguliwa yakiwa na nguvu.

"Mwanangu," alisema mzee, "jana ulitusomea aya ya 10 ya Suratul Hujurat. Huyo ndugu anayetajwa humo, kwako wewe ni nani?"

Tulinyamaza. Aya hiyo, inayowaita waumini ndugu na kuamrisha wapatanishwe, tumeihifadhi tangu chuoni na tunaifundisha watoto. Na ndugu yetu wa tumbo moja tulikuwa hatujasemezana naye mwaka mzima, kwa sababu ya kiwanja cha urithi.

Hatusemi kila mtu aifasiri Qur'an kwa rai yake. Elimu hiyo ina wenyewe. Kuizingatia ni jambo jingine, nalo tumehimizwa sote: Surat Muhammad, aya ya 24, inauliza kama nyoyo za wasioizingatia zina kufuli. Tuliporudi msikitini tulifungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969, tukaikariri aya ile moja mpaka adhana.

Baada ya Sala ya Alfajiri tulisimama tena, safari hii bila karatasi. Maneno yalikuwa machache, na sauti, yetu wenyewe, ilitetemeka. Tulieleza habari ya kile kiwanja. Hakuna aliyepatana asubuhi ile. Mkubwa wa wale ndugu aliuliza tu: "Na wewe, Katibu, utampigia lini?"

Simu ilishika mtandao tulipokaribia Mwembe. Ndugu yetu alipokea, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Kuna msiba nyumbani?"