Ndege ya Bukoba na neno "imeandikwa"



Ndugu zangu, mtu wetu wa Karagwe au Kyerwa akija kwa ndege hushukia Bukoba, kisha gari kupitia Kyaka mpaka nyumbani. Ndiyo maana ile ajali ya tarehe 6 Novemba 2022 tuliiona kama ya mlangoni kwetu. Ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam, watu 43 ndani, ilizunguka juu ikisubiri mvua na upepo vitulie. Ilipokuja kutua haikufika uwanjani. Iliingia Ziwa Victoria, karibu kabisa na nchi kavu. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Kesho yake majeneza yalipangwa uwanja wa Kaitaba.

Baada ya darasa moja hapa Kayanga, mzee wangu mmoja aliniambia: "Shehe waitu, si ilikuwa imeandikwa? Mbona watu wanauliza maswali?"

Mzee wangu, imeandikwa, hilo hatubishani. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini anayekufa kwa kuzama amo miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni faraja kubwa kwa wafiwa. Lakini faraja ya wafiwa isigeuzwe kuwa pazia.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, anatoka kwenye kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Yaani kurudi nyuma nako kumeandikwa. Kuwa na boti tayari nako kungeandikwa.

Maana waliofika mwanzo pale ziwani ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana Majaliwa Jackson alisimulia kwamba aliupiga mlango wa ndege kwa kasia, kisha akajaribu kumfikia rubani mpaka akapoteza fahamu. Baadaye serikali ilimpa shilingi milioni moja na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. (Wapo waliocheka kwamba mvuvi kapewa kazi. Mimi sikuona cha kuchekesha.) Na ripoti ya awali ya uchunguzi, iliyotoka mwezi ule ule, ilisema uokoaji ungefanyika mapema huenda wengine wangepona.

Hapo utasemaje "imeandikwa" halafu ukalale? Aliyeandika ajali ndiye aliyetuamuru kuokoa nafsi, soma Suratul Maida aya ya 32.

Na tusiangalie Bukoba tu. Huku kwetu watu wanavushwa mto Kagera kwa mitumbwi, mama na mtoto mgongoni, gunia la ndizi miguuni, hakuna jaketi la kuokolea hata moja. Ijumaa hii baada ya swala tunakaa na vijana wavushaji tujue majaketi mangapi yanahitajika. Mwenye kuweza kuchangia aje, na asiye Muislamu pia aje, mto ni wetu sote.