Mota ya bahari katika ziwa letu

Ninyi mlio mbali na nyumba zenu mkisomewa haya kwenye simu ya jirani, leo sileti habari ya mkutano wala bei ya ndagala. Naleta habari ya kosa langu mwenyewe.

Familia nne zilizohama kutoka bonde la Ruzizi, ambazo tunaishi nazo hapa Kalundu, zilichanga pesa pamoja na shemeji yangu ili wanunue boti. Mashamba wameyaacha. Boti ingewapa kazi ya kubeba watu na mizigo hadi Baraka. Zilipatikana dola 3,200, na mzee mmoja aliuza mbuzi wake wa mwisho. Boti yenyewe ilikuwa ya faiba, na mota yake ya Yamaha, farasi 40, ilikuwa imefanya kazi miaka mingi baharini upande wa Dar es Salaam. Ililetwa kwa lori hadi Kigoma. Mimi, kwa kuwa najua kusoma mikataba, nikatumwa kuikagua.

Nilikagua rangi. Mota ikawashwa, ikanguruma vizuri, nikatia sahihi. Muuzaji alisema ameiosha kwa maji yasiyo na chumvi. Sikumuuliza ameiosha namna gani.

Kuleta boti ngeni ziwani si jambo jipya. Mwaka 1915 Waingereza walileta zao mbili, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, halafu kwa treni na kwa kuvutwa milimani, mpaka Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Tarehe 26 Desemba mwaka ule wakaikamata Kingani ya Wajerumani. Lakini wale walikuja na mafundi wao. Sisi tulikuja na sahihi yangu.

Safari ya tatu nilikuwa ndani. Tulikuwa watu 11, watatu wakiwa watoto. Mbele ya Makobola, usiku, mota ikapiga kelele ya hatari, ikazimika. Upepo wa kiangazi ulikuwa unatoka kusini, mawimbi yakaanza kuingia. Mama mmoja alifunga mtoto wake mgongoni kwa vitenge viwili, hakusema neno. Wavuvi wa ndagala waliona tochi yetu, wakazima taa zao za kazi, wakatuvuta mpaka nchi kavu. Usiku huo walipoteza samaki kwa ajili yetu.

Fundi wa Kalundu alipofungua mota, njia za maji ya kuipoza zilikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama wa sufuria ya ugali. Termostati imeganda.

“Papa,” nikamwambia, “sasa tuko kwenye maji matamu. Si yangeiosha yenyewe?”

“Chumvi ya jana, ndiyo. Hii imekuwa jiwe, mwanangu.”

Akaloweka vipande katika siki na maji ya moto, akakwangua siku mbili. Termostati akatia mpya. Nyaya zilizokuwa kijani ndani akazikata. Halafu akanionyesha kipande kidogo cha zinki kilichofungwa chini ya mota. Kazi yake ni kuliwa na kutu mahali pa mota. Baharini kinafanya kazi hiyo vizuri, lakini katika maji matamu kinavaa ngozi na kulala, basi mota yenyewe ndiyo inaliwa. Huku kinafaa cha magnesi. Na mwenye boti kama akiirudisha baharini abadilishe tena, maana chumvi inamaliza magnesi haraka sana.

Jambo la mwisho ndilo wengi wetu hatulijui. Maji ya bahari ni mazito zaidi, yanabeba zaidi. Boti yenye mzigo uleule huku inazama chini zaidi, labda upana wa kidole. Ni kidogo, nakubali. Lakini mstari wa rangi ubavuni ulichorwa huko pwani, na manahodha wetu wanapakia mpaka mstari, halafu wanaongeza magunia mawili. Tena ziwa letu liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 760. Hewa ni nyepesi, mota inapungukiwa na nguvu kidogo. Shemeji amechora mstari mpya, chini ya ule wa zamani. Abiria wawili wamepunguzwa, na familia zile nne zimelalamika, kwa haki, maana ni pesa yao.

Gharama ya fundi nalipa mimi, kidogo kidogo.

Yule mama wa vitenge viwili bado anasafiri nasi kwenda Baraka. Hapandi mpaka mota iwashwe kwanza. Anasimama majini, anatazama ule mchirizi unaotoka nyuma, anautia mkono kupima joto lake, ndipo anampitisha mtoto.