Steki ya Mkwaja na Fungu la Mama

Ukifika buchani, swali la kwanza huwa hili: "Nikupimie steki au mchanganyiko?" Kila mama analijua. Steki ni nyama tupu na bei yake iko juu. Mchanganyiko una mifupa, na ndio uingiao katika sufuria za wengi wetu. Lakini katika mahoteli ya kisasa steki ni pande nene la nyama ya ng'ombe, la mtu mmoja, lililochomwa juu ya moto mkali. Nairobi, mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa mwaka 1980, umejipatia jina kwa nyama choma na kwa kinywaji kiitwacho "dawa", mchanganyiko wa pombe kali, ndimu na asali.

Sisi tuliamua kwenda mahali ambapo ng'ombe wa nyama walifugwa kwa maelfu: Mkwaja, wilaya ya Pangani.

Kutoka Tanga tulishika njia ya kusini, tukapita mashamba ya mkonge na minazi, tukavuka mto Pangani na kufuata barabara ya pwani. Mkwaja ni kijiji cha wavuvi. Ukiuliza kitoweo, utaonyeshwa samaki. Mgeni hawezi kudhani kwamba nyika iliyo karibu ilikuwa ranchi kubwa, yenye zaidi ya kilometa za mraba 400.

Ranchi hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni. Lengo lilikuwa kupata nyama kwa ajili ya wafanyakazi wa mashamba, maana mtu akatae mkonge kutwa kisha alale na ugali mkavu, nguvu za kesho atazitoa wapi? Wakaletwa ng'ombe aina ya Borana. Adui yao alikuwa mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana. Kila ng'ombe alidungwa sindano ya kinga karibu mara tano kwa mwaka. Baadaye walipakwa mgongoni dawa ya kuua mbung'o. Wakati huohuo migunga yenye miiba ikazidi kumeza malisho. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa. Eneo lake likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, na leo tembo hupita palipokuwa na mazizi.

Jioni tuliketi kula karibu na ufuko. Nyama yetu, ajabu, ilikuwa imeletwa na gari kutoka mjini! Ilichomwa kwa mkaa wa moto, ikapakwa tangawizi, pilipili manga ya asili ya Bara Hindi, na pilipili kali ambayo asili yake ni Amerika, kama lilivyo nanasi tulilokatiwa kando. Watu wa pwani wamekula ladha za dunia nzima siku nyingi, ila hawakuzipa jina kubwa.

Kwa vinywaji tuliomba "dawa" isiyo na pombe. Tukaletewa madafu yaliyotiwa ndimu, asali na tangawizi, kila dafu limechomekwa ua jekundu. Tulicheka sana. Mmoja wetu akasema dafu lake limevaa kofia ya harusi.

Ndipo mhudumu akaja na swali lake: "Mama, wewe yako iiveje?" Tukatazamana. Mwenzetu mwenye watoto sita akasema taratibu kwamba tangu aolewe hajaulizwa swali hilo. Nyumbani kwake, steki ni ya baba na wageni, mapande ni ya watoto, na yeye hufuta mchuzi.

Wapenzi wasomaji, wangapi kati yetu tuko hivyo? Mwenye shamba alijua kwamba mfanyakazi anahitaji nyama. Mama naye ni mfanyakazi. Tena mwili wake hupoteza damu kwa hedhi na uzazi, na wakati wa mimba mahitaji yake ya madini ya chuma huongezeka sana. Nyama nyekundu ina madini hayo, na mwili huyapokea kwa urahisi. Isipopatikana, maharage na mchicha husaidia, hasa vikiliwa pamoja na ndimu au chungwa.

Steki ya nyumbani haina siri. Chukua nusu kilo, ikate vipande vinene. Paka papai bichi lililokunwa, tangawizi na kitunguu saumu. Acha kwa nusu saa tu, kwani papai likizidi nyama hulegea kama uji. Pangusa, tia chumvi, kisha choma juu ya mkaa uliokolea hadi iive. Iache ipumzike dakika tano, ndipo uikate kwa kukingama nyuzi zake. Hata nyama ngumu italainika.

Kisha igawe kwa idadi ya watu walioko nyumbani, nawe ukiwamo. Si uchoyo, wala si kumvunjia baba heshima. Zungumza naye mapema, mkiwa wawili. Waume wengi hawajui kwamba sahani ya mama hubaki na mchuzi mtupu. Watoto nao wafundishwe kuuliza kabla ya kuanza kula: "Mama, fungu lako liko wapi?"